Mashine ya kufuma ya Nintendo haikuwa kichekesho

Kwako Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia wa juma lililopita ulibeba makala ndefu kuhusu vifaa vya michezo ya video ambavyo makampuni yalivibuni, yakavitangaza, kisha yakavifuta kabla havijawafikia wanunuzi. Niliisoma yote. Aliyeniletea gazeti ni mwana wa dada yangu, fundi wa simu hapa Majengo, akaniwekea kidole pembeni mwa ukurasa: "Mamdogo, wamekuandika hapa."

Kilichoandikwa hapo kilikuwa mistari miwili. Sehemu kubwa ya makala mliipa kile kifaa cha diski cha Super Nintendo, ambacho Sony na Nintendo walikuwa wakikitengeneza pamoja hadi walipofarakana hadharani mwaka 1991, na ile sampuli yake iliyopigwa mnada Marekani mwaka 2020 ikachukuliwa kwa dola 360,000. Ikafuata Sega VR, ile miwani mikubwa ya kuvaa kichwani iliyofutwa mwaka 1994. Halafu chini kabisa: ati Nintendo iliwahi kutaka kuuza mashine ya kufuma sweta! Mkaweka na alama ya mshangao. Ni alama hiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Mimi nafuma sweta za shule. Watu wa bara hucheka wakisikia kuna mtu anakula kwa kufuma sweta Mombasa, mji ambao feni haizimwi. Waje Juni na Julai kusi ikivuma, wawatazame watoto wakivuka feri ya Likoni alfajiri huku wamejikunyata. Na hata jua likiwaka, sare ni sare. Shule ikisema sweta ya buluu yenye mistari miwili ya manjano shingoni, mzazi atazunguka mji mzima akitafuta sweta ya buluu yenye mistari miwili ya manjano shingoni, na akishachoka kuzunguka atakuja kwangu.

Mashine zangu zote ni za mkono. Moja haijui nakshi yoyote. Nyingine ni ya Brother, ya kadi zenye matundu: unatoboa kadi, mashine inaisoma safu kwa safu na kujua sindano ipi ichukue uzi gani. Kadi hiyo ina upana wa matundu 24 tu, kwa hiyo nakshi yoyote niitakayo lazima ijirudie kila baada ya vitanzi 24. Herufi tatu za jina la shule huingia kwa kubanana. Nembo yenye mwenge, kitabu na mnazi haiingii kabisa, ndiyo maana hapa mjini nembo hushonewa juu kwa kitambaa, nayo hubanduka kabla ya muhula wa pili.

Michezo ya video naijua pia, msije mkadhani naropoka. Mapema miaka ya tisini mjomba wetu alirudi kutoka Dubai na mashine ya kucheza kwenye runinga. Haikuwa Nintendo ya haki, ilikuwa nakala yake, zile zilizojaa mjini wakati huo, za kaseti za manjano zilizoandikwa michezo elfu kadhaa, nawe ukiipitia unakuta ni ile ile michache iliyobadilishwa majina. Kaka zangu waliimiliki usiku na mchana. Mimi nilipata padi walipokwenda swala ya Ijumaa.

Sasa niseme yanayojulikana. Nintendo hiyo ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1983 kwa jina la Famicom, ikaingia Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES. Mashine ya kufuma ni ya yapata mwaka 1987. Nintendo ya Marekani ilichapa karatasi ya kuwashawishi wafanyabiashara, yenye picha ya mashine ya kufuma na NES yake, na kichwa cha maneno kilichochezea msemo wao wa matangazo kuhusu kucheza kwa nguvu, safari hii ikawa kufuma kwa nguvu. Bidhaa yenyewe haikutoka. Habari ikalala hadi mwaka 2012, pale Howard Phillips, mfanyakazi wa siku za mwanzo wa Nintendo ya Marekani ambaye watoto wa huko walimjua sana kupitia jarida la Nintendo Power, alipoitoa karatasi hiyo hadharani. Watu wakacheka. Wanacheka hadi leo, na gazeti lenu limo.

Mimi nauliza, kinachochekesha ni nini hasa? Kampuni hiyo hiyo mwaka 1985 iliuza roboti wa plastiki, R.O.B., anayekaa mbele ya runinga, anapokea amri kwa macho kutokana na mimweko ya skrini, kisha anahamisha vipande vya plastiki kutoka hapa hadi pale, polepole mno. Mwaka 1989 ikaja glavu ya kuvaa mkononi na kupungia hewa. Mwaka 1990 kampuni nyingine ikauza piano nzima ya kuunganishwa na NES, jina lake Miracle, inayomfundisha mtoto kupiga kinanda. Roboti aliuzwa, glavu iliuzwa, piano iliuzwa. Sweta ndiyo kichekesho. Nina dhana yangu ni kwa nini, na wanawake wanaosoma barua hii wanayo pia, kwa hiyo siipotezei wino.

Asiyewahi kufuma hajui kwamba nakshi ya sweta huanzia kwenye karatasi ya grafu. Kila chumba ni kitanzi kimoja. Ukikipaka rangi, kitanzi hicho kinabadili uzi. Hakuna nusu chumba, hakuna mstari wa kupinda. Unachotaka kionekane duara unakijenga kwa ngazi ndogo ndogo, na jicho la mtazamaji ndilo linalomalizia. Haya, njoo kwenye picha ya NES. Skrini yake ni nukta 256 kwa 240. Picha yote imepangwa kwa vigae vya nukta 8 kwa 8, na kigae kimoja hakiruhusiwi zaidi ya rangi nne, ya nyuma ikiwemo. Mario mdogo, shujaa wa mchezo wa Super Mario Bros., anaenea ndani ya mraba wa 16 kwa 16, kwa rangi tatu. Hiyo ni chati ya sweta, Mhariri. Waliomchora Mario walikuwa na shida zangu zile zile: nafasi finyu, rangi chache, na pua ambayo lazima ionekane pua kwa vyumba viwili. Fundi anayejua kusoma chati angemfuma Mario kwa kumtazama kwenye runinga, bila kuuliza mtu.

Hata vipimo vimekubaliana. Mashine ya kufuma ya nyumbani ya kipimo cha kawaida ina sindano 200, zilizoachana milimita 4.5. Skrini ina nukta 256 kwa upana. Kwa hiyo kitanda chote cha sindano, yaani ule mstari wao mzima, kinaingia kwenye skrini moja, nukta kwa sindano, na pembeni inabaki nafasi ya kuandika umefika safu ya ngapi na kuonyesha rangi zilizomo. Diski ya Sony ingeleta filamu fupi na muziki mzuri, sikatai. Lakini haina undugu wowote na kazi ninayoifanya, na mashine ya kufuma inao.

Basi niruhusuni niiwazie ikiwa hapa kwangu, miaka ile ya tisini, kwa kazi hii hii.

Mzazi anaingia na sweta ya zamani ya mtoto mkubwa, imechakaa viwiko, anataka mpya mfano wake. Leo namwonyesha kwa mikono hewani: mstari utapita hapa, nembo itakaa hapa. Ananiitikia tu, kisha siku ya kuchukua anasema sivyo alivyofikiri. Na Nintendo je? Ningewasha runinga. Sweta tupu inatokea, mbele na mgongo. Kwa ile alama ya kujumlisha ya padi nashusha mistari ya shingoni, kitufe A kinapaka rangi, B kinafuta. Mama anaona manjano yake ilivyokaa, anasema ipunguze unene, naipunguza mbele ya macho yake, anatoa arubuni. Ugomvi nusu wa kazi hii ungeishia hapo hapo.

Kisha kufuma kwenyewe. Ukisukuma kile kigari kupita juu ya sindano, safu moja imekwisha. Kazi ni kuhesabu. Sweta ya mtoto wa miaka minane ina mamia ya safu, nawe uko barazani: anapita jirani lazima umwitikie salamu, muuza kahawa anagonga vikombe vyake, mtoto anataka chenji. Umefika wapi? Mashine zetu zina kihesabio cha meno pembeni, kikiharibika ndiyo basi. Mimi ningetaka kila safu ikikamilika runinga itoe ule mlio wa Mario anapookota sarafu. Na ukifika kwapani, mahali pa kuanza kupunguza vitanzi, itoe ule mlio wa kuingia kwenye bomba, ili hata kama macho yako yako mtaani masikio yakurudishe kazini. Wabunifu wale walikuwa hodari wa milio. Sidhani kuna mtu aliyewahi kuitumia kwa jambo la maana kuliko hilo.

Ila kuna mahali wangehitaji fundi wa kuwaelekeza, nami sijui kama walikuwa naye. Kitanzi si mraba. Kwa uzi ninaotumia, sentimita 10 zinakula vitanzi 28 kwa upana lakini safu 40 kwa kimo. Mchukue Mario wa 16 kwa 16 umfume vivyo hivyo: atatoka na upana wa karibu sentimita 6 na kimo cha sentimita 4, kibonge aliyekaliwa na mtu. Nembo ya duara itakuwa yai lililolala. Kwa hiyo programu lazima inyooshe mchoro wenyewe, kila safu 7 za skrini zifumwe kuwa 10, na kwa kuwa kila aina ya uzi ina hesabu yake, lazima impe mtumiaji nafasi ya kuingiza vipimo baada ya kufuma kipande cha majaribio. Programu isiyouliza kipande cha majaribio imeandikwa na mtu asiyefuma.

Jambo la pili ni rangi. Skrini inaruhusu rangi nne kwa kigae, lakini mashine ya kitanda kimoja kwa kawaida hufuma rangi mbili katika safu moja. Ule uzi usiotumika unapita nyuma ya sweta ukining'inia. Ukipita nyuma ya vitanzi vitatu au vinne si neno. Ukipita nyuma ya kumi, kidole cha mtoto kitanasa humo kila akivaa, na ndani ya wiki moja nembo imevutika. Programu nzuri ingekataa mchoro wa namna hiyo. Ningependa iukatae kwa kumuua Mario papo hapo, na muziki wake.

Jambo la tatu ni umeme. Hapa ndipo wajuaji husema mashine ya aina hiyo isingefaa kwetu: umeme ukikatika uko safu ya 180, mchoro umepotea. Mwana wa dada yangu alinifanyia hesabu, nami nimeirudia mwenyewe. Kaseti ya mchezo wa The Legend of Zelda ilikuwa na betri ndogo ndani yake iliyolinda kumbukumbu ya baiti 8,192, ndiyo maana uliweza kuzima na kuendelea kesho. Mchoro wa rangi mbili wenye vitanzi 200 kwa safu 300 unahitaji alama moja kwa kitanzi, yaani alama 60,000. Baiti moja hubeba alama nane, kwa hiyo zikigawanywa kwa nane ni baiti 7,500. Zinaingia! Na zinabaki karibu 700 za kuandika jina la shule, ukubwa wa sweta na safu uliyofikia. Teknolojia hiyo Nintendo walikuwa nayo mkononi miaka ile ile. Tena mashine yenyewe unaisukuma kwa mkono, haina haraka. Ubongo wa NES ulikuwa ukienda hatua zaidi ya milioni moja na laki saba kwa sekunde, na mimi kwa dakika sifiki safu thelathini.

Tatizo la kweli lingekuwa tundu la kuchomekea. NES ya Marekani ilikuwa na tundu la upanuzi chini ya tumbo lake, limezibwa kwa plastiki, na hakuna kifaa kilichouzwa madukani kikalitumia. Naona hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Lakini sisi hatukuwa na NES ya Marekani. Nakala zetu zilifuata ile ya Japani: kaseti za meno 60, wakati za Marekani zina 72, na chini ya tumbo hakuna kitu. Hivyo mashine ya kufuma ya haki, hata ingetoka kiwandani na kufika bandari ya Kilindini, isingeingia kwenye mashine ya mtu yeyote mtaani kwetu. Tungesubiri nakala ya nyongeza ya nakala. Nayo ingekuja, sina shaka, kwenye boksi lenye picha ya mzungu anayetabasamu na maandishi yenye makosa ya tahajia, imebadilishwa iunganishwe kwenye tundu la bunduki ya kulengea bata. Ingekuwa na michezo mia moja ya kufuma, tisini na tano ikiwa sweta ile ile.

Na chumvi. Sindano za kufuma ni za chuma, kila moja ina kijiulimi kinachofunguka na kufunga, na upepo wa bahari unavila vijiulimi hivyo. Mimi hupaka mafuta ya cherehani kila wiki na bado nabadilisha sindano. Zile sumaku ndogo za umeme zinazochagua sindano kwenye mashine za kielektroniki zingetaka kufunikwa vizuri zaidi ya walivyodhani watu wa nchi kavu.

Kwa hiyo sisemi ingenitajirisha. Ikiwa mpya, bei yake ingekuwa ya watu wengine, na sisi tungeipata miaka kadhaa baadaye kupitia mitumba, kama tulivyopata cherehani na pasi. Ninachosema ni kwamba kati ya vifaa vyote vilivyokuwa kwenye makala yenu, hiki ndicho peke yake ambacho kingekuwa bado kinafanya kazi Majengo leo. Miwani ya Sega ingekuwa imevunjika. Diski zingekuwa zimekwaruzwa. Mashine ya kufuma, hata Nintendo yake ikifa, kitanda cha sindano kinabaki na unaendelea kwa mkono.

Tena wazo lenyewe halikufa, na hapa ndipo makala yenu ilipowanyima wasomaji. Mwaka 1986, kabla ya karatasi ile ya Marekani, kampuni ya Royal ya Japani ilitoa programu ya Famicom, iliyokuwa kwenye diski, ya kubuni sweta za Mario. Ulichora yako, ukaituma diski kwa posta pamoja na malipo, na sweta halisi ikarudi nyumbani. Yaani mteja anachora mwenyewe na fundi anafuma tu. Ningekuwa na mpango kama huo na shule tano za hapa kisiwani nisingehitaji kitu kingine.

Mwaka 2000 ikaja zamu ya cherehani. Kampuni ya Jaguar ya Japani iliuza cherehani iliyoongozwa na Game Boy, ile mashine ya michezo ya mkononi ya Nintendo: unachagua mshono kwenye kile kiskrini kidogo, unaunganisha waya, sindano inafuata. Singer wakaiuza ndugu yake kwa jina la Izek. Mwaka uliofuata ikatoka kaseti ya Mario Family, ya kudarizi Mario na wenzake juu ya kitambaa kwa cherehani kubwa zaidi ya Jaguar. Ilikuwapo na ya Kirby, mhusika mwingine wa michezo ya Nintendo, iliyokamilishwa lakini haikuuzwa, ikaonekana mwaka 2020 faili za ndani za Nintendo zilipovuja. Hicho nacho ni kifaa kilichofutwa, Mhariri, na hamkukigusa.

Nilipoonyeshwa habari ya Game Boy na kudarizi nilimfikiria marehemu babu yangu, mtu wa Lamu, aliyeshona kofia za vito kwa mkono hadi macho yakamkataa. Kofia ile ina nakshi moja inayorudiwa kuzunguka kichwa chote, na kazi ya kwanza ni kuichora kwa kalamu ili mwisho ukutane na mwanzo bila kuachana. Akikosea hapo, kofia nzima imeharibika kabla ya sindano kuingia. Kiskrini cha Game Boy kina nukta 160 kwa upana, kinatosha kumpangia marudio yake na kumwambia yatakutana au hayatakutana. Kushona angeshona mwenyewe. Asingekubali mashine imguse kofia, na hizo za mashine zinazoletwa siku hizi kwa mafurushi angezitazama mara moja na kugeuza uso. Lakini kuchora, naamini angekubali, na mchoro ndio uliomchosha.

Nimalizie na lililonifanya niandike barua ndefu namna hii badala ya mistari mitano ya kulalamika. Brother walikuwa na mashine ya kielektroniki, KH-930, iliyoweza kupokea mchoro kutoka kwenye kifaa chake cha diski. Mwaka 2010 wanawake wawili wa Marekani, Becky Stern na Limor Fried, walionyesha namna ya kuifanya kompyuta ijisingizie kuwa kile kifaa cha diski, kwa hiyo ukachora chochote kwenye kompyuta na mashine ikakifuma. Baada yao kuna watu walioandaa mpango uitwao AYAB, uko wazi kwa kila mtu, ambao unaondoa ubongo wa zamani wa mashine hizo na kuweka kisahani kidogo cha saketi cha kisasa. Mwana wa dada yangu ameusoma mpango wote. Anasema kisahani anaweza kukiunganisha kwa vifaa anavyotumia kila siku kwenye simu, na kwamba nikitaka atafanya na padi ya Nintendo iwe ndiyo ya kuchorea. Nimemwambia nataka. Milio nayo nataka, ya sarafu na ya bomba.

Kinachotukosesha ni mashine. Ya kwangu ya kadi za matundu haifai kwa mpango huo. Inatakiwa Brother ya kielektroniki, na najua ziko Mombasa, kwa sababu miaka ile zililetwa na waliokuwa wakienda Ulaya na Dubai, zikaungua ubongo kwa umeme wa kupanda na kushuka, zikawekwa chini ya vitanda. Msomaji mwenye mashine hiyo asiipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sijali ubongo umekufa, hata ikinuka moshi. Ninachotaka ni kitanda cha sindano kisichopinda, kigari chake, na mkanda wa plastiki unaozunguka ndani uwe haujakatika. Ofisi yako, Mhariri, ina anwani yangu, na nimekubali impe yeyote atakayeuliza. Nitalipa pesa taslimu, au sweta za wanawe wote hadi wamalize gredi ya sita, achague mwenyewe. Mario kifuani nitamwekea bure, ila mwalimu mkuu aombwe ruhusa kwanza.

Wako,
Mfuma sweta wa Majengo,
Mombasa